Kulinganua

Miongoni mwa yale maneno ya amri ambayo mwanafunzi wa sekondari huyakuta katika karatasi ya mtihani kabla hajaifikia mada yenyewe, kama vile taja, eleza, fafanua na jadili, limo moja ambalo aghalabu husomwa kwa haraka na kujibiwa nusu, nalo ni linganua.

Asili yake ni kitenzi lingana, chenye maana ya kuwa sawa au kuafikiana. Kikitiwa mnyambuliko wa kusababisha huwa linganisha, yaani kuviweka vitu viwili pamoja ili usawa wao upate kutazamwa, na kikinyambuliwa katika kauli ya kutendua, ile iigeuzayo funga kuwa fungua na kunja kuwa kunjua, huwa linganua, yaani kuutendua usawa huo kwa kuonyesha vitu hivyo vinapotofautiana.

Yamkini msomaji atauliza: kwani tofautisha, neno lenye shina la Kiarabu nalo limezoeleka tangu zamani, lina upungufu gani hata litafutiwe mwenzake? Kwa rai yangu halina upungufu, ila lina uhuru uliopita kiasi. Mtu aweza kutofautisha jahazi na muhogo wala hapana wa kumkataza. Kuvilinganua hawezi, kwa kuwa kisichofungwa hakifunguliki, na vitu visivyo na jambo la kuvikutanisha havina ulinganifu wa kutenduliwa.

Tuchukue mathalani swali hili: linganisha na ulinganue utenzi na tarbia. Asiyeijua amri huandika aya ya utenzi, akaruka mstari, akaandika aya ya tarbia, kisha akamwachia msahihishaji taabu ya kuzikutanisha. Ajuaye huanzia pale tungo hizo zinapoungana: ubeti wa kila moja kwa kawaida una mishororo minne, na zote mbili hufuata vina na mizani. Hapo ndipo hushika mizani akaanza kutendua, kwamba mshororo wa utenzi kwa desturi una mizani 8 nao haukatwi, hali ule wa tarbia una 16, uliogawanywa ukwapi na utao, mizani 8 kila upande. Akija kwenye vina ataeleza kwamba katika utenzi mishororo mitatu ya mwanzo huwa na kina kimoja kinachoweza kubadilika kila ubeti, bali wa nne hushika kina cha bahari, kisichobadilika tangu dibaji hadi tamati. Tarbia nayo ina vina vya kati na vya mwisho, na mara nyingi hufungwa kwa kibwagizo. Kina cha bahari peke yake (ambacho wanafunzi wengi hukipita kana kwamba hakipo) chatosha kumpatia aya nzima.

Kwa hiyo mwalimu asiwakaririshe vijana maana ya kamusini tu, bali awape jozi za kufanyia kazi: tathlitha na takhmisa, methali na nahau, kisha, wakishakomaa, kitenzi-jina kusoma na nomino somo.