Homa ya Bonde la Ufa: Mvua hutangulia, mbu hufuata

Homa ya Bonde la Ufa, ambayo wengi huiita RVF, ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na ambao huwashambulia mifugo kabla ya kumfikia binadamu. Wataalamu waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha.

Ugonjwa huu huweza kutoweka kwa miaka mingi, kisha ukazuka ghafla mahali ambapo hapajaingia mnyama mgonjwa. Siri yake imo ardhini. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, kandokando ya vibonde vinavyotuamisha maji. Baadhi ya mayai hayo huwa tayari yana virusi, kwa kuwa mbu jike huvirithisha kizazi chake. Udongo ukikauka, mayai hayafi. Hukaa miaka kadhaa yakingoja mafuriko. Maji yakituama kwa majuma mengi, mbu wa jamii ya Culex nao huzaana na kuueneza ugonjwa mbali zaidi.

Kwa hivyo anayetaka kuufuatilia ugonjwa huu haanzii hospitalini. Huanza baharini. Joto la Pasifiki na la magharibi mwa Bahari Hindi linapopanda kwa pamoja, Afrika Mashariki hupata mvua kubwa, kama ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ambapo Garissa iliathirika vibaya. Aidha, setilaiti hupima jinsi nyasi zinavyochipuka katika maeneo makavu. Mwaka 1999 watafiti walichapisha ushahidi kwamba vipimo hivyo vikiunganishwa, mkurupuko unaweza kutabiriwa miezi kadhaa kabla.

Utabiri huo ulijaribiwa mwaka 2006. Onyo lilitolewa mapema, na Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa, kisha ukaenea hadi Tana River, Kilifi na Baringo, na kuvuka mpaka hadi Somalia na Tanzania. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imerekodi visa 684 na vifo 155. Masoko ya mifugo yalifungwa na walaji wakaikwepa nyama. Chanjo ya mifugo ilianza Januari, watu wakiwa wamekwisha kufa.

Kuchelewa huko kuna sababu zake, ingawa si zote za kuridhisha. Ni vigumu kumshawishi mfugaji achanje dhidi ya maradhi asiyoyaona kwa miaka kumi. Chanjo iliyozoeleka yaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Tena, mkurupuko ukishaanza, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi yaweza yenyewe kuvieneza virusi.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni kondoo, mbuzi na ng'ombe wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, huku wana-kondoo na wana-mbuzi wakifa. Binadamu huambukizwa hasa anapogusa damu ya mnyama mgonjwa, anapomchinja au kumzalisha, na pia anapoumwa na mbu. Wengi hupata homa na kupona. Wachache huvuja damu, huvimba ubongo au hupoteza uwezo wa kuona.

Uchunguzi uliofanywa Kaskazini Mashariki baada ya mkurupuko huo ulibaini jambo ambalo huenda halikuhitaji setilaiti. Wafugaji wa Kisomali, wanaouita ugonjwa huo sandik kutokana na damu inayotoka puani, walikuwa wameutambua mpangilio wote: mvua isiyo ya kawaida, makundi ya mbu, mifugo kuugua, kisha watu. Baina ya mnyama wa kwanza kuugua na maafisa wa mifugo kuchukua hatua, yalipita majuma mengi.