Paka, ndege na lupango: namna ya kuwaangalia ndege ku Kamina bila kuwamaliza

Ku Kamina paka ana kazi. Mutu mwenye kuweka mifuko ya muhindi mu nyumba anajua hasara ya panya: anatoboa mufuko, anakula kidogo, na kile anachoacha kinanuka mukojo. Ndiyo maana hata familia isiyopenda sana wanyama inachunga paka. Lakini paka huyo huyo, jua likianza kutoka, anaikala ku barza na kukaza macho juu ya muembe. Fuata macho yake na utaona kile anachoona: lupango yako imejaa ndege.

Kuko watu wanaofurahi kuikala asubui na kikombe cha chai, paka pembeni, na kuangalia ndege wanavyokuja na kuondoka. Na kuko majirani wanaowaambia: "Ule paka yako atamaliza bandege yote, utabakia kuangalia nini?" Jirani anasema kweli nusu. Paka ni muwindaji, na kila ndege anayemukamata ni muwimbaji mumoja aliyepungua mu kartie. Lakini kwetu haiwezekani kufanya kama mu miji ya Ulaya, ambako wengine wanamufungia paka ndani maisha yake yote. Hapa paka aliyefungiwa mu chumba cha kulala hana faida ku mufuko wa muhindi. Dawa ya mambo haya ni saa, na tutafika hapo. Kwanza tuseme ni ndege gani tunaongea.

Wanaoingia mu lupango

Kongo yetu ina aina za ndege zaidi ya 1,100. Watu wakisikia vile wanafikiria Parke ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka wa 1939, ao maziwa ya Upemba na Kisale na ndege wao wakubwa wa maji. Ni kweli kule kuko utajiri. Kuko hata ndege mudogo wa jamaa ya wakula-mbegu, mwenye jina la kisayansi Estrilda nigriloris, aliyeelezwa na Mumarekani James Chapin mwaka wa 1928: dunia nzima anajulikana tu pande za Lualaba na maziwa ya Upemba. Lakini haiombe kupanda pikipiki mpaka kule. Lupango yenye muembe, mipapai na migomba kidogo inatosha kuanza.

Wa kwanza kuamuka, mara mingi, ni yule wa rangi ya udongo mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mukia. Mu Kiswahili cha pwani wanamuita shore. Anapenda papai iliyoiva na anapiga kelele kuliko umbo lake. Mujue vizuri, tutamuhitaji kwa sababu nyingine.

Kisha kuko kwera, yule wa manjano anayesuka nyumba. Wakati wa mvua dume anavaa rangi kali, kichwa kinakuwa cheusi, anachana majani ya mungazi kuwa kamba nyembamba na kuanza kusuka kwa mudomo tu. Nyumba ikiisha, anajipachika chini yake, kichwa chini, na kupiga mabawa ili kuita jike. Jike anakuja kukagua. Nyumba isipopata jike, na majani yakaanza kukauka, dume mwenyewe anaibomoa na kuanza tena. Mutu mwenye mungazi mu lupango ana teatre ya bure miezi mizima. Na angalia vizuri: kuko ndege mwingine, wa jamaa ya kekeo, mwenye mugongo wa kijani unaong'aa, anayezunguka pale kama mugeni asiye na haraka. Anatafuta nafasi ya kutaga yai lake mu nyumba ya kwera, ili huyu amulelee mutoto.

Ku maua ya mugomba utaona chozi, mudogo sana, mudomo mwembamba uliopinda, dume anang'aa kama mafuta juu ya maji. Chini ku majani wanatembea tongo, kikundi cha wadogo wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, wanavuta mbegu za majani moja moja. Pale maji yanapomwagika pembeni ya bomba, kuko mweusi na mweupe anayetikisa mukia bila kuchoka. Njiwa wako, shomoro wako. Kunguru mwenye kifua cheupe na mwewe tunawajua wote kwa sababu ya vifaranga, na hawahitaji kutangazwa hapa.

Paka kama mwenzi wa kuangalia

Hili ndilo watu hawalijui sana: paka anaweza kukuonyesha ndege usiowaona. Masikio yake yanasikia sauti za juu mpaka hertzi 64,000 hivi, wakati ya mutu yanaishia karibu 20,000. Ndege mudogo akichakura majani nyuma ya choo, sikio la paka linageuka kabla wewe hujasikia kitu. Kisha kichwa, kisha mwili wote unakauka, inabakia ncha ya mukia tu inayotikisika. Ukitazama mustari kutoka pua yake kwenda mbele, mara mingi ndege yuko hapo.

Pengine utasikia paka anatetemesha taya, meno yanagongana, na kasauti kadogo kama anayesemasema. Anafanya vile akiona ndege asiyeweza kumufikia. Wenye elimu wameeleza kwa namna mbalimbali na hawajapatana. Si ugonjwa na si ulozi.

Ndege nao wanamuangalia paka. Wakimugundua, shore wanakuja juu yake, wawili, watatu, wengine wa aina tofauti wanaongezeka, wote wanapiga kelele kali ya haraka, wanarukaruka ku matawi bila kukimbia. Ni muzinzi wa macho na sauti: paka aliyeonekana hawezi tena kuvizia. Kelele hiyo hiyo wanaipiga kwa bundi na kwa nyoka. Sasa, mama unayefua nguo na watoto wanacheza chini ya muti, sikia hili: kama shore wanapiga kelele ile na paka yako amelala ku barza, ondoa watoto kwanza, halafu tafuta kwa macho ni nini iko mu matawi ao mu majani. Si kila mara itakuwa nyoka. Lakini ndege hawatumii nguvu yao bure.

Uharibifu si hadisi

Mwaka wa 2013 wachunguzi wa Marekani walihesabu kwamba paka wa inchi yao wanaua ndege kati ya miliari 1.3 na miliari 4 kila mwaka, na wengi wa wauaji ni paka wasio na mwenyewe. Ku kisiwa cha Stephens, New Zealand, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka wa 1894 walinzi wa mnara wa taa walifika pale, na paka wakafika pamoja nao. Kulikuwa ndege mudogo asiyeweza kuruka. Mu miaka michache alitoweka, na hakuonekana tena popote duniani.

Kamina si kisiwa. Ndege wetu walikomaa pamoja na paka-pori, yule wa rangi ya majivu anayeishi mu savana ya Afrika na ambaye ni wa jamii moja na babu wa paka wa nyumbani. Wanajua adui wa namna hiyo. Tofauti ni wingi: mu pori paka-pori mumoja anachunga eneo kubwa peke yake, lakini mu avenue moja ya muji kunaweza kuwa paka kumi. Shore aliyejenga ku muti wa pilipili, urefu wa kiuno cha mutu, hawezi kuvumilia kumi.

Na kumushibisha peke yake hakutoshi. Paka anawinda hata tumbo likijaa, kwa sababu kwake kukamata na kula ni mambo mawili. Ila chakula kinasaidia kama ni cha nyama. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliotoka 2021, ulionyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walipunguza mawindo ya kuleta nyumbani kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika 5 mpaka 10 kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni haikuonyesha faida. Kitambaa cha rangi kali kinachozunguka shingo kilipunguza ndege kwa asilimia 42, kwa sababu ndege wanakiona mbali.

Kwetu paka wengi wanakula bukari na muchuzi kidogo. Si ajabu wanatafuta nyama kwenyewe. Vichwa vya samaki, matumbo ya kuku, ndakala wachache: hivyo ndivyo vinamurudisha nyumbani. Kumuchezesha ni bure kabisa, kamba na kipande cha kitambaa, na watoto watafanya kazi hiyo bila kulipwa. Kuhusu kitambaa cha shingo, fundi wa nguo anaweza kushona mukanda kutoka vipande vya kitenge, lakini inaomba ushonwe kwa uzi dhaifu wenye kukatika. Paka akinaswa ku tawi na mukanda usiokatika, atajinyonga.

Usiku kwa panya, asubui kwa ndege

Hapa njo fasi ya saa. Panya wanatembea usiku. Ndege wa lupango wanatembea muchana, na saa yao kubwa ni kutoka mapambazuko mpaka jua likali, halafu tena kabla ya mangaribi. Basi paka alale mu depo, pamoja na muhindi, mulango umefungwa. Atafanya kazi yake pale panya wako. Asubui usimufungulie kwanza. Acha ndege wakule, ikala ku barza, angalia. Kama unataka paka awe nawe, muweke ku mapaja ao umufunge kamba nyepesi ya kifuani, si ya shingoni. Wengine watacheka kuona paka na kamba kama mbuzi. Waache. Saa tatu ao ine hivi, ndege wakitulia, fungua. Joto likipanda paka mwenyewe atatafuta kivuli alale.

Usiku ukimuweka ndani, unamulinda pia na imbwa na pikipiki. Ila acha sahani ya maji na kiboksi cha muchanga, na bibi mwenye mimba asishike muchanga huo, juu ya vijidudu vinavyoweza kuzuru mutoto wa tumboni.

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna, na maji ya kunywa yanavuta ndege kuliko chakula chochote. Sahani ya udongo inatosha, maji ya kina cha kidole. Iweke fasi ya wazi, mbali na majani marefu hatua tatu ao ine, ili ndege amuone paka akikuja. Afazali juu ya nguzo iliyozungushwa bati, makucha hayashiki. Badilisha maji kila siku, kwa sababu maji yaliyolala juma moja yanazaa mbu, na malaria tunayo ya kutosha. Chakula cha kununua hapana. Papai lililotobolewa na ndege, liache ku muti. Majani yenye mbegu pembeni ya ukuta, usiyafyeke yote mara moja.

Kinda likianguka chini, wengi wanaambiwa wasiliguse kwa sababu mama yake atanusa mukono wa mutu na kulikataa. Si kweli. Fungia paka, rudisha kinda ku nyumba yake ao ku tawi la karibu kama tayari lina manyoya, halafu enda mbali. Wazazi watarudia kulilisha. Kulichukua mu karton na kulilisha bukari ni kuliua polepole.

Neno moja kuhusu bundi. Wengi wanasema bundi mweupe wa dari na paka mweusi ni wa walozi, na wote wawili wanapigwa mawe. Wote wawili wanaua panya. Bundi anafanya kazi hiyo bila kukuomba hata kichwa cha ndakala, na mwenye depo angefurahi kumusikia juu ya mabati.

Paka akikuuma ao kukukwaruza, osha fasi hiyo kwa maji na sabuni dakika 15 na uende haraka ku santre ya afya, juu ya ugonjwa wa kichaa cha imbwa: paka naye anauambukiza, na ukishaonyesha dalili hauponi. Ulizia munganga wa wanyama kuhusu chanjo ya paka. Na kuku wakikufa wengi mu kartie, usitupe mizoga fasi paka na kunguru wanaweza kuichukua. Uizike.

Kwa kuanza, daftari la shule linatosha: tarehe, saa, ndege gani, wangapi, walikuwa wanafanya nini. Mwenye telefone na intaneti anaweza kupeleka orodha yake ku eBird, kazi ya Chuo Kikuu cha Cornell iliyoanza 2002, inayopokea hata orodha ya lupango moja. Ukianza mu kiangazi, usikate tamaa kuona kwera amevaa rangi ya majani makavu, ni yeye yule, anangojea mvua. Mu mwezi wa tisa na wa kumi angalia ku waya za umeme na juu ya gare: mbayuwayu wenye koo jekundu wanaanza kufika kutoka Ulaya, na wanabakia kwetu mpaka mwezi wa tatu ao wa ine. Mvua za kwanza zitatoa kumbikumbi, na hiyo asubui kila mutu atakuwa mu lupango: mbayuwayu juu, shore ku ukuta, watoto na ndoo, na paka akiruka mikono mitupu kati yao, ameshiba kumbikumbi na hana habari na ndege hata mumoja.