Nani Chanzo? Hakimiliki na Ngano za Kimaasai Darasani

Suala la hakimiliki katika ufundishaji wa fasihi nchini Kenya hujadiliwa mara nyingi kama suala la mashine za kunakilia na hasara ya wachapishaji. Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa fasihi simulizi, utata mkubwa umo katika neno moja: chanzo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Ngong anayenakilia wanafunzi ngano kutoka *The Masai: Their Language and Folklore*, kitabu cha A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, kilichochapishwa Oxford mwaka 1905. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, iliruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, uhakiki na kuripoti matukio, mradi chanzo kitajwe. Iliruhusu pia mkusanyiko wa shule uchukue vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja. Lakini ilishikilia kwamba kazi ya fasihi hailindwi mpaka iandikwe au irekodiwe. Fanani aliyeitamba ngano, basi, hana haki. Mwenye kalamu ndiye mwandishi. Mwanafunzi wa Kajiado anayenukuu ngano ya bibi zake kutoka kitabuni humo humtaja Hollis.

Hollis alifariki mwaka 1961. Nchini Kenya, ambako ulinzi hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kitabu chake kikawa huru mwaka 2012; Uingereza, kwa kanuni ya miaka 70, kitalindwa hadi mwisho wa 2031. Ngano ile ile ni huru Ngong na imefungwa London, na kipimo ni umri wa Hollis. Wamaasai hawamo kabisa katika hesabu hiyo.

Naomi Kipury alipochapisha *Oral Literature of the Maasai* mwaka 1983, mkusanyaji alikuwa Mmaasai mwenyewe, jambo kubwa kiuhakiki. Kisheria, hata hivyo, hakimiliki ilibaki katika maandishi. Katiba ya 2010 na Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ndizo zilizoitambua jamii kuwa mwenye haki. Hapa nina wasiwasi kidogo: ngano huishi kwa kusimuliwa upya, na kibali kinaweza kuwa ua jingine. Afadhali tuanze na nakala za darasani, kwani hakuna sheria inayomzuia mwalimu kuandika, kando ya jina la mkusanyaji, jina la fanani, mahali na tarehe.