Chapeo inayogeuza msimamo

Leo tunaweka kando mambo ya kazi, tuzungumzie kofia. Si bulibuli. Ni chapeo ya chuma, neno ambalo waliosoma barua za Paulo katika Biblia ya Kiswahili wanalijua. Kwa Kiingereza inaitwa Helm of Opposite Alignment. Ukiivaa, mtu mwema anakuwa mwovu, na mwovu anakuwa mwema.

Imeelezwa katika Dungeon Masters Guide, kitabu cha Gary Gygax cha mwaka 1979 kwa wasimamizi wa mchezo wa Dungeons & Dragons. Mchezo wenyewe si wa kompyuta. Watu huketi mezani na kete na karatasi, kila mmoja na mhusika wake, na kila mhusika ana msimamo. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 misimamo ilikuwa mitatu tu: Sheria, Kati na Vurugu, wazo lililotokana na riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock. Baadaye wema na uovu vikaongezwa, ikawa tisa.

Kinachonivutia ni sharti la Gygax. Chapeo ikishafanya kazi yake, uchawi wote unaisha, inabaki chuma tu. Unaweza kuivua na kuitupa. Lakini aliyeivaa habadiliki tena, kwa sababu hataki! Ameridhika na hali yake mpya. Kuna uchawi mmoja tu wa kumrudisha, naye mwenyewe hatauomba kamwe. Dawa ipo, ila mgonjwa hajioni mgonjwa, basi wenzake ndio wanaopaswa kumwamulia. Je, wana haki hiyo? Na kama alikuwa jambazi, sasa amekuwa mtu wa watu?

Sasa twende kwenye kompyuta. Mwaka 1982 Jay Fenlason, mwanafunzi wa sekondari Marekani, aliandika mchezo wa Hack pamoja na wenzake. Andries Brouwer wa Amsterdam akaupanua na kuusambaza kupitia Usenet mwishoni mwa 1984, na mwaka 1987 ikazaliwa NetHack. Ni programu huria, imeandikwa kwa C, na haihitaji picha: wewe ni alama ya @ inayotembea kati ya herufi. Chapeo yetu imo humo, na misimamo imerudi kuwa mitatu kama ya 1974.

Huwezi kuitambua kwa macho. Kuna chapeo nne ambazo sura zao huchanganywa upya kila mchezo unapoanza, na moja kati yake hukuongezea akili. Ukibahatisha vibaya, chapeo inajilaani yenyewe papo hapo, haivuki mpaka upate hati ya kuondoa laana au maji matakatifu.

Ndani ya msimbo, Sheria ni 1, Kati ni 0, Vurugu ni -1. Kugeuza msimamo, basi, ni kuweka alama ya kutoa mbele ya namba. Safi kabisa! Tatizo ni sifuri, maana kinyume cha sifuri ni sifuri. Kwa hiyo mtu wa Kati akiivaa, toleo la 3.4.3 la mwaka 2003 linarusha shilingi: Sheria au Vurugu. Baada ya hapo hakuna break. Msimbo unateremka moja kwa moja kwenye case ya kofia ya mjinga, nyingine inayojilaani, na zote mbili zinatumia mistari ile ile ya laana. Mwalimu wangu wa C chuoni angekata maksi hapo. Mimi naipenda.

Lakini tofauti kubwa na Gygax ni hii: NetHack inakumbuka. Msimamo wa sasa unahifadhiwa mahali pake, na ule wa msingi mahali pengine, ambapo chapeo haigusi. Ukiivua, programu inanakili wa msingi na unarudi ulivyokuwa. Kisichorudi ni ulinzi wa mungu wako, ule unaoununua kwa dhahabu kutoka kwa makuhani. Unafutwa unapovaa, na hata ukivua umekwenda. Naona hii ni haki zaidi kuliko ya 1979: nafsi yako unarudishiwa, gharama unabaki nayo.

Mmoja wa waanzilishi wa NetHack, Izchak Miller, alikuwa mwanafalsafa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alifariki mwaka 1994, na muuza taa wa Minetown ndani ya mchezo anaitwa Izchak kwa kumbukumbu yake. Ukifika kwake, usimwibie.

Toleo la 3.6.0, lililotoka mwaka 2015, liliondoa ile shilingi. Sasa programu inatazama namba ya utambulisho ya chapeo yenyewe: ikiwa witiri, mtu wa Kati anakwenda Vurugu, ikiwa shufwa, Sheria. Chapeo moja itakupeleka upande ule ule hata ukiivaa mara kumi. Faili ni do_wear.c, fungua ujionee.