Mzigo na Habari Zake: Usafirishaji wa Bidhaa kati ya Pwani na Bara tangu 1869

Neno meli limezoeleka mno katika Kiswahili hata ni wachache wanaokumbuka kwamba asili yake ni barua. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya posta. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza kuleta merikebu ya moshi Unguja kutoka Aden kila mwezi, kwa mkataba wa kuchukua barua, na jina la barua likakiganda chombo. Watu wa pwani hawakuwa na upungufu wa majina ya vyombo. Walikuwa na jahazi, mtepe, bedeni na baghala. Walakini chombo hiki kipya walikiita kwa habari kilizoleta, wakaiacha shehena iliyokuwamo ndani yake.

Jina hilo lafaa liwe mwanzo wa historia hii. Kila njia ya kuchukulia bidhaa ilipogeuka, ujuzi wa mzigo ulihama pamoja na mzigo wenyewe: nani ajua uko wapi, una nini ndani, thamani yake ni kiasi gani, na utafunguliwa mahali gani. Waandishi wengi wamezihesabu siku zilizopunguzwa na mvuke na reli. Jambo la pili wamelipita upesi, ilhali ndilo lililotajirisha mji mmoja na kufilisi mwingine.

Kabla ya mvuke biashara ilifuata pepo. Vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na aliyekosa msimu alingoja mwaka. Nguo ya merikani ililetwa na mabaharia wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Ushanga ulitoka Venice, na kaniki ilitoka Bara Hindi. Tajiri wa Kihindi wa Unguja alimkopesha mwenye msafara bidhaa hizo, naye akaenda bara mwaka mmoja, miwili au zaidi kutafuta pembe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aeleza mikopo ya namna hiyo katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, ambayo W. H. Whiteley aliyafasiri na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikayachapisha mwaka 1958 na 1959. Taria Topan, mmoja wa waliomkopesha, alikaa Unguja asijue kama mali yake imefika Tabora au imepotea njiani. Alichokijua ni tabia ya mdeni wake, na biashara yote ilisimama juu ya ujuzi huo.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili sabini hivi. Hesabu hii ndogo yastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo iliyoamua ni kitu gani kiweze kuuzwa na kipi kisiweze. Posho ya mtu ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, nacho kibaba ni kama ratili moja na nusu. Mpagazi aliyejitwika nafaka tupu angeumaliza mzigo wake mwenyewe kabla ya siku hamsini, na safari ya Ujiji ilizidi siku hizo. Basi hapakuwa na njia ya kufanya biashara ya nafaka kwa kichwa cha mtu katika masafa marefu. Pembe peke yake, na watumwa waliotembea kwa miguu yao, ndio walioweza kulipa gharama ya njia. Tena chakula cha msafara hakikuchukuliwa, kilinunuliwa. Kila kijiji chenye maji na mtama kando ya njia kilikuwa soko, na watawala wa Ugogo walitoza hongo kwa sababu waliyashika maji.

Habari za soko zilikuwa na taabu zaidi ya mizigo. Kila nchi ilitaka ushanga wake: hapa mwekundu ulioitwa samesame, pale mweupe, kwingine buluu. Richard Burton, aliyepita njia ya kati mwaka 1857, aonyesha jinsi mtindo ulivyoweza kubadilika wakati msafara ungali njiani, na ushanga ukafika ukiwa hauna mnunuzi. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipofika Taveta alikuta kwamba Wamasai hupokea ushanga uliotungwa kwa kipimo chao tu, ikambidi awakalishe watu wake kuutunga upya. Mhunzi wa vioo wa Venice hakupata kumjua kijana wa Kimasai, wala yeye hakumjua mhunzi. Kati yao palikuwa na watu sita au saba, kila mmoja akijua hatua yake tu. Kirangozi na mnyapara walikuwa na thamani kwa kuwa walizijua hatua nyingi kuliko wengine. Watu hao kwa kawaida husomwa kama viongozi wa njia tu, lakini walikuwa pia daftari la biashara.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi zikafuata. Mwaka 1879 waya wa habari uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja na kuendelea hadi Durban. (Neno simu, ambalo sasa ni la kuzungumzia, lilikuwa kwanza jina la waya huo.) Kuanzia hapo bei ya pembe ya London ilijulikana Unguja kabla ya pembe yenyewe kuondoka. Bara hali haikubadilika: msafara ulikwenda kwa miguu kama zamani. Kwa hiyo kwa muda wa miaka ishirini hivi palikuwa na mnyororo mmoja wenye vipande viwili, kimoja kikienda kwa umeme na kingine kwa nyayo, na faida kubwa ilikuwa ya yule aliyekaa mahali vilipounganishwa.

Reli ndiyo iliyokivunja kiungo hicho. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Mombasa yenyewe iligeuka uso: jahazi zilikuwa zikitia nanga Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, lakini meli kubwa zilitaka kilindi, na shughuli zikahamia Kilindini, mahali palipokwisha kujieleza kwa jina lake. Ajabu ni kwamba chombo kipya kilibebwa kwanza na cha zamani. Meli William Mackinnon ya Ziwa Viktoria ililetwa vipande vipande, na kwa kuwa reli ilikuwa haijafika ziwani, vipande vilimalizia safari kwa wapagazi. Ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900.

Mara behewa lilipoanza kwenda, hesabu ya kibaba ilikufa. Gari la moshi halikula mtama wa njiani. Mazao mazito yenye bei ndogo yaliweza sasa kufika pwani. Pamba ya Uganda, iliyoanza kupandwa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo mwaka 1903, isingaliweza kubebwa kwa kichwa. Faida hiyo yatajwa katika vitabu vyote. Hasara yatajwa mara chache. Vijiji vilivyouza chakula kwa misafara vilipoteza soko bila vita wala amri. Mumias, mji wa misafara katika nchi ya Wawanga, uliachwa kando, maana reli iliishia Kisumu. Upande wa Wajerumani reli ya kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa njia hiyo, ikabaki na majengo yake. Ujuzi wa kirangozi ukageuka kuwa karatasi mkononi mwa karani wa stesheni: uzito, alama, idadi, na mahali pa kushushia.

Isidhaniwe kwamba upagazi uliisha. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipopigwa mbali na reli, serikali ziliwatwika watu mizigo kwa wingi usiopata kuonekana, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Wanaonunua nyanya huko leo hulitamka jina la kikosi hicho bila kukikumbuka.

Badiliko lililofuata lilikuwa la sanduku. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X, kwa shauri la Malcom McLean, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kontena halikuongeza mwendo wa meli. Liliondoa haja ya kuufungua mzigo gatini, na hapo kazi ya hamali ikapungua, kwa kuwa hamali aliishi kwa kuushika mzigo mmoja mmoja. Sanduku lenye lakiri laweza kupita mjini bila mtu wa mji huo kujua lililomo. Mwaka 1984 kituo cha makontena cha Embakasi kilifunguliwa Nairobi, na Kiswahili kikapata msemo wa kushangaza, bandari kavu.

Kisha karatasi nayo ikaachia kompyuta. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa Uganda wakati mzigo wenyewe ungali bandarini Mombasa. Tangu mwaka 2017 lakiri za umeme huyafuata malori ya Kenya, Uganda na Rwanda, nazo hutoa habari ya mahali lilipo lori na kama mlango umeguswa. Taria Topan angalilipa pembe nyingi kwa habari hiyo.

Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 1917 pamoja na karne yake? La: ilifunguliwa mwaka 2017, na ugomvi uliofuata haukuhusu mwendo wake. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena ya bidhaa zinazoingia yapelekwe Nairobi kwa reli na kutolewa huko. Wenye malori, wenye maghala na mawakala wa forodha wa Mombasa waliandamana, kwa kuwa mzigo ungepita mbele ya milango yao ukiwa umefungwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba amri hiyo haikufuata sheria. Mwezi Septemba 2022 serikali mpya ya Kenya iliagiza kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa, na mwenye mali akapata tena hiari ya kuchagua reli au barabara.