Risasi na Maji: Habari za Kusubu Chubwi katika Visiwa vya Mafia

Katika lugha ya mwambao wetu neno risasi lina kazi mbili, nalo limetoka kwa Waarabu, ambao kwao rasasi ndiyo madini yenyewe. Sisi twaita risasi madini yale ya kijivu, laini na mazito, tena twaita risasi kile kitokacho katika mdomo wa bunduki. Asidhani mtu kwamba lugha imepungukiwa na maneno. Katika siku za magobori wawindaji na watu wa misafara waliyeyusha madini hayo wenyewe, wakayamimina katika kalibu, wakapata vidonge vya kupigia. Jina likabaki kwa vyote viwili. Mvuvi naye ana majina yake. Kizito kinachozamisha mshipi ni chubwi, neno lifananalo na sauti ya kitu kitumbukiacho majini. Kile ambacho nahodha hukitosa kupima kina ni bildi, na mwashi akikining'iniza kwa uzi ukutani hukiita timazi. Kazi ya kuvifanya vyote ni kusubu.

Bildi ni ya lazima katika bahari ya Mafia, kwa maana kati ya kisiwa na bara maji si ya kina kikubwa, na miamba na mafungu ni mengi. Katika mlango huo wa bahari, upande wa kaskazini-magharibi wa Mafia, kiko kisiwa kidogo cha Shungimbili, mchanga na matumbawe tu, hakina mlima wa kuzuia upepo. Tangu mwaka 2007 ni eneo tengefu la bahari, pamoja na Nyororo na Mbarakuni, wala hairuhusiwi kuvua humo. Lakini atakaye kufahamu taabu ya kusubu nje ya nyumba na akitazame kisiwa cha namna hiyo. Wavuvi wakipiga dago mahali kama hapo, mbali na fundi na duka, chubwi zikikatika kwenye mwamba hutengenezwa papo hapo pwani, kwa vipande vya risasi kuukuu na moto wa vifuu.

Ng'ambo ya mlango huo ndiko Rufiji na milima ya Wamatumbi. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, nao wakaamini kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita vya Maji Maji vikaendelea hata mwaka 1907. Watu wengi wamecheka imani ile. Mimi sioni la kuchekwa. Chanzo cha vita kilikuwa dhuluma, na pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa. Ila mfano wa risasi kuwa maji haukuwa mgeni, kwa maana kila aliyepata kuona mtu akisubu alikuwa ameiona ikiwa maji mbele ya macho yake.

Kwani risasi huyeyuka upesi. Chuma chataka digrii 1538 za sentigredi, risasi yatosheka na 327, nayo huwa tayari kumiminwa sufuria ikiwa bado nyeusi. Wepesi huo ndio unaomdanganya mtu, hata akadhani ni kazi ya watoto. Hofu yake ni ya moto, na kumbe adui mkubwa zaidi ni maji. Tone la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo hutaka nafasi mara 1,600 na zaidi kuliko maji yenyewe. Nafasi haipo, basi huitupa risasi juu, usoni pa aliye karibu. Mvua ikidondoka juu ya sufuria hufoka na kurusha matone, nayo huunguza vibaya. Lakini yaliyo mabaya zaidi ni maji yasiyoonekana: kalibu iliyolala nje usiku na kupata umande, upawa ulioshwa, kipande cha risasi kilichotolewa baharini na kutiwa sufuriani na chumvi yake mbichi. Hata mafiga yatazamwe, maana jiwe la matumbawe hunywa maji, na likipashwa moto ghafula laweza kupasuka.

Kwa sababu hiyo majira ni sehemu ya ufundi. Masika, tangu Machi hata Mei, hayafai, na vuli husaliti. Wakati wa maleleji, pepo zikibadilishana, mtu huanza kazi upepo ukiwa mgongoni, na kabla hajamaliza umemgeukia usoni. Kipupwe ni bora, kusi likivuma upande mmoja na mvua zikiwa chache, ila lisivume kwa nguvu hata likatupa cheche penye makuti. Wala asiseme mtu kwamba anaijua Mei kwa sababu aliijua zamani: tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mahali ambapo vimbunga ni nadra kabisa. Nao mchanga wa kumiminia utolewe juu, mbali na alama ya bamvua. Mchanga wa chini waonekana mkavu kwa jua la saa moja, lakini ukifukua kwa kidole wakuta maji.

Mpaka hapa desturi za wavuvi ni njema, wala sina la kuwafundisha. Lakini desturi huchunga yale yanayoonekana. Tone likiruka, mtu hulia, na wote hukumbuka. Moshi wa risasi haumlizi mtu. Sufuria ikiachwa motoni hata ikawa nyekundu, mvuke wa madini hupanda kwa wingi na kuwa vumbi jembamba, nalo huingia kifuani na kukaa katika mifupa miaka mingi. Jambo hili si geni duniani. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika kabla ya kuzaliwa Kristo, aliona jinsi mafundi wa risasi walivyopauka, akapendelea mabomba ya udongo kwa maji ya kunywa. Watoto hudhurika kuliko wote, hasa katika akili. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kisichodhuru.

Tusidhani ni habari za mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari karibu na nyumba za watu, na risasi ikapatikana katika damu ya wakazi na watoto wao. Phyllis Omido, mama aliyeipigania haki yao, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi 1,300,000,000 za Kenya. Nalitaja kwa walimu kwa sababu betri hizo hizo ndizo zinazopasuliwa na vijana wetu ili wapate risasi ya chubwi. Zina asidi, na vumbi lake ni sumu kuliko kipande cha bomba. Zisiyeyushwe kabisa, si pwani wala shuleni. Tena mvulana abanaye chubwi kwa meno ili ishike mshipi aonywe, na sufuria iliyosubiwa isirudi jikoni kamwe, hata ikisuguliwa kwa mchanga mara saba.

Imebaki habari ya wingu linalokuja kazi ikiwa nusu. Wengi hukimbia na sufuria, na hapo ndipo watu huungua, kwa maana mchanga huteleza na risasi ni nzito mara 11 kuliko maji. Sufuria isichukuliwe. Kuni zivutwe, moto uzimwe kwa mchanga mkavu, usimwagiwe maji, na sufuria ifunikwe kwa bati kavu. Risasi itaganda humo humo bila hasara. Siku ya pili, kabla ya kuwasha, iinuliwe na kuinamishwa, kwa sababu mvua hupenya kati ya risasi na ukuta wa sufuria, ikakaa chini. Ianikwe juani kutwa nzima.