Ngome Iliyogeuka Gereza: Fort Lafayette katika Bandari ya New York, 1812–1960

Katika Kiswahili cha pwani neno gereza limebeba maana mbili: ngome ya kijeshi, kama ile ya Kilwa Kisiwani, na mahali pa kufungia watu. Fort Lafayette, iliyobomolewa mwaka 1960, ilistahili jina hilo kwa maana zote mbili. Makala haya yanadai kuwa maana ya pili ndiyo nzito zaidi.

Historia yake ya kijeshi ni fupi. Ujenzi ulianza wakati wa vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, juu ya mwamba wa Hendrick's Reef karibu na ufuko wa Brooklyn, ili mizinga yake, zaidi ya 70, ilinde mlango mwembamba wa bandari. Hapo awali iliitwa Fort Diamond kwa umbo lake la almasi. Katika miaka ya 1820 ilipewa jina la Lafayette. Hakuna meli ya adui iliyokuja kuijaribu.

Mambo yalibadilika mwaka 1861. Rais Abraham Lincoln alianza kusitisha haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu, na ngome ikajaa wahariri, wanasiasa na raia wengine walioshukiwa kuiunga mkono Kusini. Wengi hawakushtakiwa kamwe. Bunge lilitunga sheria ya kuidhinisha usitishaji huo Machi 1863, yaani karibu miaka miwili baadaye. Miongoni mwa wafungwa alikuwa Francis Key Howard, mhariri wa Baltimore na mjukuu wa mtunzi wa shairi ambalo baadaye lilifanywa wimbo wa taifa. Kejeli hiyo yeye mwenyewe aliiona. Haifai, hata hivyo, kuwatakasa wote: Robert Cobb Kennedy, aliyenyongwa humo tarehe 25 Machi 1865, alishiriki jaribio la kuteketeza New York.

Moto uliunguza sehemu za ndani mwaka 1868. Baadaye ngome ikawa ghala la risasi na baruti. Leo mnara wa upande wa Brooklyn wa daraja la Verrazzano-Narrows, lililofunguliwa mwaka 1964, umesimama mahali pake.

Fort Warren ya Boston, ambako Howard alihamishiwa, ingalipo na wageni huingia. Fort Jesus ya Mombasa, iliyokuwa gereza la wakoloni, iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1958. Washauri wanaotathmini ngome kwa mizinga na usanifu wake pekee wangeiona Lafayette kuwa jengo lililopitwa na wakati. Orodha ya waliofungwa humo ingepaswa kuwa katika jalada lilelile, kabla ya kibali cha kubomoa kutiwa saini. Sasa anayetaka kujua vyumba vile vilivyokuwa hana pa kuingia. Atasoma kitabu alichokichapisha Howard mwaka 1863.